Kuifahamu Karati Kabla ya Kununua Pete ya Dhahabu

Malipo ya kahawa yanapowafikia wakulima, familia nyingi katika Kata ya Nyabiyonza hupanga harusi. Pete mbili za ndoa, hereni za binti au mkufu wa mama huweza kumeza sehemu kubwa ya fedha iliyopatikana kwa jasho la mwaka mzima. Hasara ya kununua bila kujua haionekani siku hiyo. Hujitokeza siku ya shida, mwenye pete anapoipeleka kwa sonara ili apate ada ya shule au fedha ya matibabu, akaambiwa kuwa thamani yake ni nusu ya ile aliyoitarajia. Kipimo kinachoamua thamani hiyo huitwa karati.

Maana ya karati

Dhahabu safi ni laini. Pete iliyotengenezwa kwa dhahabu tupu hupinda na kuchubuka upesi. Kwa sababu hiyo sonara huichanganya na madini mengine, hasa fedha na shaba, ili iwe imara. Karati hueleza ni sehemu ngapi za mchanganyiko huo, kati ya 24, ambazo ni dhahabu. Katika pete ya karati 18, sehemu 18 ni dhahabu na sehemu 6 ni madini mengine.

Mapambo mengi hugongwa muhuri wa tarakimu tatu unaoonyesha sehemu za dhahabu katika kila 1,000:

- Karati 24: 999
- Karati 22: 916
- Karati 21: 875
- Karati 18: 750
- Karati 14: 585
- Karati 9: 375

Karati ndogo si kosa wala si dhahabu bandia. Pete ya karati 9 au 14 ni ngumu na humfaa mtu anayeshika jembe kila siku. Kosa ni kuiuza pete ya karati 9 kwa bei ya karati 18.

Hesabu ya mnunuzi

Kwa mfano wa hesabu tu, ichukuliwe kuwa gramu moja ya dhahabu safi inauzwa shilingi 300,000. Pete ya gramu 4 yenye karati 18 ina gramu 3 za dhahabu, hivyo dhahabu iliyomo ina thamani ya shilingi 900,000. Pete ya uzito uleule yenye karati 9 ina gramu 1.5 tu, yaani shilingi 450,000. Kwa macho pete hizo zaweza kufanana. Juu ya thamani hiyo huongezwa ujira wa sonara, ambao kwa kawaida haurudi pete inapouzwa tena. Bei halisi hubadilika kila siku, na Tume ya Madini hutoa bei elekezi za madini ambazo mnunuzi anaweza kuziulizia kabla ya safari ya dukani.

Vipimo visivyotosha

Wapo wanaoamini kuwa pambo lisilovutwa na sumaku ni dhahabu. Sumaku hufichua madini machache tu, kama chuma. Shaba nayo haivutwi. Kung'ata hakusaidii pia, kwa kuwa risasi ni laini kama dhahabu. Rangi hudanganya zaidi, kwani shaba iliyochovywa dhahabu hung'aa vilevile mpaka tabaka la juu litakapochakaa. Herufi GP kwenye pambo humaanisha kuwa limechovywa tu. Hata muhuri wa 750 unaweza kughushiwa. Uhakika hupatikana kwa sonara mwenye jiwe la kusugulia na tindikali, au kwa mashine ya mionzi kama zinazotumika katika masoko ya madini.

Mambo ya kuzingatia dukani

Kwanza, mnunuzi aombe pambo lipimwe mbele yake, kwenye mizani yenye stika ya uhakiki wa Wakala wa Vipimo. Pambo lenye vito lisipimwe kana kwamba uzito wote ni dhahabu.

Pili, aulize bei ya dhahabu na ujira wa sonara kila kimoja peke yake.

Tatu, adai risiti iliyoandikwa karati, uzito na bei. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, ajiepushe na mpita njia anayeuza "dhahabu ya mgodini" kwa bei ya kutupa. Dhahabu ghafi huuzwa na wenye leseni katika masoko na vituo vya madini, utaratibu uliopata nguvu tangu soko la Geita lilipofunguliwa Machi 2019. Anayeinunua nje ya utaratibu huo hujiingiza katika kosa la kisheria, hata kama dhahabu yenyewe ni halisi.

Mahali pa kupata msaada

Mkazi mwenye shaka juu ya mizani awasiliane na Wakala wa Vipimo, ofisi ya Mkoa wa Kagera. Malalamiko kuhusu duka yapelekwe kwa Afisa Biashara wa Halmashauri, moja kwa moja au kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, yakiambatana na risiti. Aliyekwisha kununua bila risiti bado anaweza kupeleka pete yake kwa sonara mwingine ipimwe. Ni heri kuujua ukweli leo kuliko kuupokea siku ya dharura.