Dhamana ya kandarasi humlinda nani? Somo kwa wanakandarasi wadogo

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, na wiki zinazotangulia siku hiyo huwa na pilkapilka nyingi katika ofisi za fedha za kaunti. Miongoni mwa wanaofika kuulizia malipo wamo watu ambao majina yao hayamo katika faili yoyote: fundi aliyetengeneza milango ya zahanati, mwenye lori aliyeleta kokoto, mama aliyekodisha mashine ya kuchanganya saruji. Kazi waliifanya, na jengo linatumika. Jibu wanalopewa huwaudhi: kaunti haina mkataba nao.

Wengi huwa na swali la pili, na ni swali la haki. Mwanakandarasi mkuu aliweka dhamana kabla ya kupewa kazi. Kwa nini dhamana hiyo isitumike kuwalipa?

Dhamana wanayoizungumzia ni ya utekelezaji. Kifungu cha 142 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinamtaka aliyeshinda zabuni kuiwasilisha kabla ya kutia sahihi mkataba, na thamani yake isizidi asilimia 10 ya kandarasi. Benki au kampuni ya bima huahidi kuilipa kaunti iwapo mwanakandarasi atashindwa kutimiza mkataba. Ahadi hiyo ni kwa kaunti peke yake. Tuseme kandarasi ya madarasa ya chekechea ni ya Sh12 milioni na dhamana ni Sh1.2 milioni. Mwanakandarasi akiiacha kazi nusu, kaunti itadai pesa hizo zisaidie kukamilisha madarasa. Lakini akiikamilisha vizuri na kukataa kumlipa fundi wa vyuma Sh850,000, kwa macho ya dhamana hiyo hakuna kosa lililotendeka.

Kinachoweza kumlinda fundi ni dhamana ya aina nyingine, dhamana ya malipo. Sheria ya ununuzi ya Kenya haimlazimishi mwanakandarasi mkuu kuiweka kwa faida ya wanaofanya kazi chini yake. Anayeitaka lazima aiombe mwenyewe, na wakati wa kuiomba ni kabla ya gunia la kwanza la saruji kufunguliwa.

Nchini Marekani dhamana hii ni ya lazima. Sheria iitwayo Miller Act, ya mwaka 1935, inataka kandarasi za ujenzi za serikali ya shirikisho zinazozidi kiwango kilichowekwa ziwe na dhamana zote mbili, ya utekelezaji na ya malipo. Sababu yake inaeleweka hata hapa kwetu. Huko, fundi asiyelipwa kwa kujenga nyumba ya mtu binafsi anaweza kuweka dai juu ya nyumba yenyewe, lakini jengo la serikali haligusiki, hivyo Bunge likampa kitu kingine cha kushika. Kenya nayo inalinda mali ya umma: kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali (Sura ya 40) hakiruhusu madalali kukamata mali ya serikali ili kulipia hukumu ya mahakama. Tofauti ni kwamba sisi tuliufunga mlango huo bila kufungua mwingine.

Kanuni za kudai chini ya sheria hiyo ya Marekani zinafaa kusomwa, kwa kuwa zinaonyesha dai huanguka wapi. Aliyepewa kazi moja kwa moja na mwanakandarasi mkuu anaweza kushtaki ikiwa siku 90 zimepita tangu alipofanya kazi au kuleta vifaa mara ya mwisho bila kulipwa kikamilifu. Aliyepewa kazi na mwanakandarasi mdogo ana sharti la ziada, kwani ni lazima ampe mwanakandarasi mkuu notisi ya maandishi ndani ya siku hizo 90. Wote wana mwaka mmoja tu wa kwenda mahakamani, nao unahesabiwa tangu siku ile ile ya mwisho. Aliye mbali zaidi katika mnyororo, yaani fundi wa fundi wa fundi, hana dai lolote.

Tarehe moja ndiyo inayoamua yote, nayo ni siku ya mwisho ya kazi. Ni wanakandarasi wadogo wachache hapa nchini wanaoweza kuithibitisha tarehe hiyo kwa karatasi. Daftari la mjengo, hati za kupokea vifaa zilizotiwa sahihi na msimamizi, na picha za simu zenye tarehe ni vitu vidogo, lakini bila hivyo hata sheria yenye huruma haimsaidii mtu.

Kwa fundi wa Kenya anayejadiliana na mwanakandarasi mkuu, hatua ya kwanza ni mkataba wa maandishi. Hatua ya pili mara nyingi husahaulika. Masharti ya kawaida ya kandarasi za umma yanataka mwanakandarasi apate idhini ya msimamizi wa mradi kabla ya kumpa mtu mwingine sehemu ya kazi. Fundi aombe kuiona idhini hiyo. Akishajulikana rasmi kwenye mradi, si rahisi tena mtu kudai hakuwahi kuwapo. Inafaa pia awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, maana sheria ya mwaka 2011 inakataza kufanya biashara ya ukandarasi bila usajili. Asiyesajiliwa atakutana na hoja hiyo siku atakapodai pesa zake.

Akifaulu kupata dhamana ya malipo, aisome yote. Jina lake au la kampuni yake liwe limeandikwa kama mnufaika. Aangalie kiwango, tarehe ya mwisho ya kudai na nyaraka zinazohitajika. Dhamana nyingine hulipa kwa barua ya madai tu, nyingine husubiri hukumu au uamuzi wa msuluhishi, na hizi za pili huweza kumchosha mtu. Madai yafike kwa benki au bima kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo kupita. Yakichelewa kwa siku moja, benki ina haki ya kuyakataa. Na kwa kuwa karatasi za kughushi zipo, aandikie tawi lililotoa dhamana na kuuliza kama wanaitambua.

Kwa kazi ndogo, gharama ya dhamana inaweza kumshinda mwanakandarasi mkuu, na kulazimisha hakutasaidia. Badala yake wanaweza kukubaliana malipo ya mradi yapitie akaunti inayohitaji sahihi za wote wawili, au fundi alipwe kwa awamu ili asiwahi kudai kiasi kikubwa kwa wakati mmoja. Kandarasi kubwa zinazofuata masharti ya FIDIC zina njia nyingine: kwa wanakandarasi wadogo walioteuliwa rasmi na mwenye mradi, mhandisi anaweza kudai ushahidi kwamba wamelipwa, na ushahidi ukikosekana mwenye mradi anaweza kuwalipa moja kwa moja. Anaweza, lakini halazimiki. Aliyechaguliwa na mwanakandarasi mwenyewe hanufaiki na kifungu hicho.

Kuna sentensi moja ya kuogopwa katika mikataba hii, ile inayosema fundi atalipwa baada ya mwanakandarasi kulipwa na kaunti. Uingereza ilipunguza makali yake kwa sheria ya mwaka 1996. Hapa, aliyetia sahihi asitarajie mahakama imwandikie mkataba mwingine. Ukweli ni kwamba kaunti zenyewe huchelewa kulipa, na kuchelewa huko hushuka hadi kwa mtu wa chini kabisa. Kifungu cha 140 cha sheria ya ununuzi kinampa mwanakandarasi mkuu riba kwa malipo yaliyocheleweshwa, isipokuwa mkataba useme vingine. Fundi anayekubali kusubiri pamoja naye ana haki ya kuomba sehemu ya riba hiyo iandikwe katika mkataba wake.

Mambo yakishaharibika, anayeshtakiwa ni mwanakandarasi mkuu. Dai lisilozidi Sh1 milioni linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 na mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili. Zile Sh850,000 za fundi wa vyuma zinaingia humo. Kama mkataba una kifungu cha usuluhishi, upande wa pili unaweza kuomba kesi isimamishwe hadi msuluhishi asikilize. Kwa jumla, dai la mkataba hufa baada ya miaka sita. Vibarua wa kulipwa kwa siku wana njia yao, kwa afisa wa leba, na muda wao ni mfupi zaidi: miaka mitatu.

Kabla ya kushtaki, fundi anahitaji kujua kama mwanakandarasi mkuu ameshalipwa, na hilo kaunti inaweza kumjibu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Barua itaje jina la mradi, wadi na nambari ya zabuni, ambayo mara nyingi huandikwa kwenye ubao wa mradi, kisha iulize ni vyeti vingapi vya malipo vimelipwa na lini. Mwandishi abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.