Somo la 14: Msuguano na Kuondoka kwa Gari

Masika yanapofika, barabara za udongo za Nyansurura, mkoani Mara, huloa na kuteleza. Gari linalompeleka mgonjwa hospitalini Mugumu laweza kukwama kwenye kilima kidogo tu. Injini hunguruma, magurudumu huzunguka upesi na matope huruka, lakini gari halisogei. Petroli inaungua na mgonjwa anangoja.

Je, gari hilo limepungukiwa na nguvu za injini? Hapana. Magurudumu yanazunguka, kwa hiyo injini inafanya kazi yake. Kilichokosekana ni msuguano.

A. Ardhi ndiyo inayolisukuma gari

Unapotembea, mguu wako huisukuma ardhi kwa nyuma. Ardhi nayo hukusukuma wewe mbele. Ukijaribu kukimbia juu ya sakafu iliyomwagiwa maji ya sabuni, mguu huteleza nyuma nawe waanguka. Miguu yako haikupungukiwa na nguvu. Sakafu ndiyo iliyokosa kuishika.

Nguvu inayozuia vitu viwili vilivyogusana visiteleze huitwa msuguano. Injini huzungusha gurudumu, gurudumu huisukuma ardhi nyuma, na ardhi hulisukuma gari mbele kwa njia ya msuguano. Pasipo msuguano, hata injini kubwa sana haiwezi kuliondoa gari mahali lilipo.

B. Jaribio: Msuguano hutegemea nini?

Vifaa: matofali mawili yaliyo sawa, kamba, rula, udongo wa mfinyanzi uliolowa, na ukanda mwembamba uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu.

Fanya hivi:
1. Funga tofali moja kwa kamba. Funga ukanda wa mpira kwenye ncha ya kamba.
2. Weka tofali juu ya sakafu kavu ya saruji. Vuta ukanda polepole. Mwenzako apime urefu wa ukanda wakati tofali linapokaribia kuondoka, kisha apime tena wakati tofali linapoteleza.
3. Weka tofali la pili juu ya lile la kwanza. Vuta na kupima tena.
4. Ondoa tofali la pili. Tandaza udongo uliolowa juu ya ubao, weka tofali moja juu yake, kisha vuta na kupima.

Kadiri ukanda unavyorefuka, ndivyo nguvu ya kuvuta inavyokuwa kubwa. Andika vipimo vyako katika daftari. Umeona nini?

Kwanza, msuguano juu ya saruji kavu ni mkubwa kuliko juu ya udongo uliolowa. Pili, matofali mawili yana msuguano mkubwa kuliko tofali moja, kwa sababu uzito umeongezeka. Tatu, ukanda hurefuka zaidi kabla tu ya tofali kuondoka. Likisha kuanza kuteleza, ukanda hupungua urefu kidogo. Maana yake, kitu kisichoteleza hushikwa zaidi kuliko kitu kinachoteleza.

Jambo hilo la tatu ni la maana sana kwa dereva. Tairi linalozunguka ovyo hushika ardhi kidogo kuliko tairi linalobingirika bila kuteleza. Kwa hiyo dereva anayekanyaga petroli kwa nguvu akiwa kwenye matope hajisaidii, bali anajichimbia shimo.

C. Magurudumu mawili au manne?

Katika magari mengi injini huzungusha magurudumu mawili tu, ya mbele au ya nyuma. Mawili mengine hufuata tu. Katika magari mengine, kama vile Land Rover, injini yaweza kuzungusha magurudumu yote manne.

Tuchukue gari lenye kilogramu 1,500. Magurudumu ya nyuma yamebeba kilogramu 800, na ya mbele kilogramu 700. Tuseme kwamba katika barabara yenye matope msuguano hauzidi sehemu 3 kwa 10 za uzito ulio juu ya magurudumu. Tuseme pia kwamba kilima na matope vinalizuia gari kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilogramu 300.

Injini ikizungusha magurudumu ya nyuma tu:
800 × 3/10 = 240. Haitoshi. Gari limekwama.

Injini ikizungusha magurudumu yote manne:
1,500 × 3/10 = 450. Inatosha. Gari linapanda.

Injini ni ile ile, na uzito ni ule ule. Tofauti ni kwamba gari la pili limeutumia uzito wake wote kushika ardhi.

D. Mashindano ya kuondoka

Katika nchi kama Marekani kuna mashindano ambamo magari mawili huondoka pamoja na kukimbia mita 402, yaani robo maili, katika barabara iliyonyooka. Magari mengine huwekewa matairi laini ya mashindano yasiyo na mifereji. Mengine hutumia matairi ya kawaida ya barabarani.

Gari linapoondoka kwa kasi, abiria huegemea nyuma. Vivyo hivyo, sehemu ya uzito wa gari hulemea magurudumu ya nyuma, na ya mbele huwa mepesi. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele hupoteza msuguano wakati huo huo linapouhitaji. Gari la magurudumu manne halipotezi, kwa kuwa uzito unaoondoka mbele hutumiwa nyuma.

Lakini dereva wa gari hilo naye ana kazi. Juu ya lami kavu magurudumu manne hushika sana. Dereva akiiachia klachi ghafula huku injini ikizunguka polepole, injini hulemewa na kuzimika. Injini ikizunguka upesi mno, matairi huteleza au vyuma vya ndani huvunjika. Hivyo yampasa kuiachia klachi kwa kiasi, iteleze kwa muda mfupi tu. Ikiteleza mno, huungua kwa joto la msuguano.

Hapa Afrika ya Mashariki, mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi washindi walitumia magari ya kusukumwa na magurudumu mawili. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara 5 kati ya mwaka 1973 na 1982 kwa magari ya namna hiyo. Mwaka 1987 Hannu Mikkola wa Finland alishinda kwa gari aina ya Audi lililosukumwa na magurudumu manne. Ndilo lililokuwa la kwanza la aina hiyo kushinda Safari.

E. Kuondoka si kusimama

Watu wengine hudhani kwamba gari la magurudumu manne haliwezi kupata ajali kwenye utelezi. Hilo ni kosa. Injini ya kuzungusha magurudumu manne husaidia kuondoka na kupanda. Haisaidii kufunga breki, kwa sababu breki za kila gari hushika magurudumu yote manne. Wakati wa kusimama, magari yote mawili hutegemea msuguano ule ule wa tairi na barabara. Kwa hiyo usivuke barabara mbele ya gari kwa kudhani kwamba, kwa kuwa limeondoka upesi, litasimama upesi.

Mifereji ya tairi hutoa njia ya maji na matope ili mpira uiguse barabara. Tairi kipara halina mifereji hiyo, na ni hatari wakati wa mvua.

F. Gari likikwama

1. Dereva aache kukanyaga petroli.
2. Wekeni changarawe, matawi au magunia mbele ya magurudumu yanayozungushwa na injini.
3. Dereva aondoke polepole, bila kuyafanya magurudumu yateleze.
4. Watu wazima wanaosukuma wasisimame nyuma ya gurudumu. Mawe yaweza kurushwa na kuwaumiza. Watoto wakae mbali.

Maswali

1. Msuguano ni nini?
2. Kwa nini gari huweza kukwama ijapokuwa injini yake ina nguvu?
3. Gari lina kilogramu 2,000, nusu yake ikiwa juu ya magurudumu ya nyuma. Msuguano ni sehemu 2 kwa 10 za uzito. Tafuta nguvu ya kulisukuma ikiwa injini inazungusha (a) magurudumu ya nyuma tu, (b) yote manne.
4. Dereva wa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma amewaomba abiria wakae nyuma ili apande kilima chenye utelezi. Eleza sababu yake.
5. Chunguza matairi ya baiskeli tatu za jirani zako. Lipi litateleza upesi wakati wa mvua? Kwa nini?