Kuchora kwa Kompyuta Katika Madarasa ya Chini

Mtoto huchora kabla hajajua kuandika. Kwa hiyo chombo chochote cha kuchorea tunachompa hakina budi kupimwa kwa swali hili: je, kinamwacha aseme la kwake, au kinamsemea? Kwa kipimo hicho tutaitazama Tux Paint, programu ya kuchora iliyoanzishwa na Bill Kendrick nchini Marekani mwaka 2002 kwa ajili ya watoto wadogo. Programu hii ni huria: shule haiilipii, na mwalimu anaruhusiwa kuinakili katika kila kompyuta aliyo nayo.

Kushoto mwa kioo cha kompyuta vimepangwa vifaa: brashi, mihuri, mistari, maumbo, maandishi, kifutio na vinginevyo. Kulia huonekana aina za kifaa kilichochaguliwa. Chini zipo rangi, na chini yake yumo pengwini Tux akitoa maelezo mafupi. Kila kifaa kina picha yake, hivyo asiyejua kusoma hakwami. Mtoto anapohifadhi kazi haulizwi jina la faili. Akiitaka tena, huitambua kwa picha yake ndogo.

Taabu imo katika mihuri. Muhuri ni picha iliyokwisha kamilika. Mtoto hubonyeza mara moja tu, na mnyama mzima akatokea. Mgeni wa darasa atasifu, lakini jicho na mkono wa mtoto havikufanya kazi yoyote. Kuku wa muhuri si kuku wa kwao. Kuku wa brashi, hata akiwa na miguu minne, humwonyesha mwalimu kile ambacho mtoto amekiona na kile kilichompita. Kwa hiyo twashauri vipindi vya mwanzo viwe vya brashi peke yake. Katika programu ndogo ya mpangilio, Tux Paint Config, mwalimu anaweza kuamuru mihuri isipakiwe kabisa. Humo pia anaweza kuzuia uchapaji (wino ni ghali, na watoto hupenda mno kubonyeza kitufe hicho).

Kompyuta ikiwa moja, gawa darasa katika vikundi. Kichwa cha somo kiwe cha karibu, mathalani "Nyumbani kwetu". Kikundi kimoja kikiwa kwenye kompyuta, vingine vichore mada hiyohiyo kwa chaki au kwa kijiti mchangani. Anayesubiri asikae bure. Usimshike mtoto mkono kuiongoza puku. Akiharibu, mwonyeshe kitufe cha kutangua, kisha mwache.

Mwisho wa kipindi, tumia sehemu ya kuonyesha michoro kwa mfululizo. Kila mchoro ukitokea, mwenyewe asimame auzungumzie. Mwalimu asiulize, "Hiki ni nini?" kana kwamba mchoro umeshindwa kujieleza, aseme, "Tueleze," kisha anyamaze asikilize.