ELIMU KWA UMMA: UTAZAMAJI WA MAJEDWALI MAKUBWA YA TAKWIMU KATIKA KOMPYUTA

Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, wakiwemo 1,889,773 wa Zanzibar. Taarifa zilikusanywa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Kazi za takwimu za namna hiyo huzaa majedwali yasiyoweza kuenea kwenye kioo cha kompyuta kwa mara moja. Somo hili linawaeleza watumishi na wananchi namna majedwali hayo yanavyoonyeshwa, na tahadhari inayopasa kuchukuliwa.

Mfano wa kupima ukubwa ni Mkoa wa Mtwara, wenye watu 1,634,947. Taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri kwa mujibu wa sheria. Lakini ichukuliwe kwamba kila mtu amepewa mstari mmoja. Ukurasa mmoja wa programu ya Excel, tangu toleo la mwaka 2007, hupokea mistari 1,048,576 tu. Mistari 586,371 ingebaki nje. Endapo wilaya zimepangwa kwa alfabeti, Masasi ingekuwa kamili, na Kata ya Lukuledi ndani yake. Bali watu wa Tandahimba wangekosekana. Afisa anayetazama mistari ya Lukuledi asingeona kasoro yoyote.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Nchini Uingereza, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, 2020, watu 15,841 waliothibitika kuwa na UVIKO-19 hawakuingizwa katika hesabu za kila siku. Majibu ya vipimo yalikuwa yamepitishwa katika faili za muundo wa zamani, ambazo ukomo wake ni mistari 65,536. Ufuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa hao ulichelewa.

Njia iliyo salama ni kuziweka taarifa zote katika hifadhidata, na kuifanya programu ya kutazamia ichote sehemu tu. Kioo kikiwa na nafasi ya mistari 40, programu huomba mistari hiyo pamoja na michache ya jirani. Mtazamaji anaposhuka, iliyopita huachwa na mipya huletwa. Hivyo kompyuta hailemewi, ingawa jedwali lina mamilioni ya mistari.

Kwa hiyo inasisitizwa:

(a) Jumla ya mistari ionekane daima juu ya jedwali, nayo ilinganishwe na jumla ya taarifa zilizopokelewa.

(b) Kupanga, kutafuta na kujumlisha kufanywe na hifadhidata yenyewe juu ya taarifa zote, wala si juu ya mistari iliyoko kwenye kioo peke yake.

(c) Vichwa vya safu visipotee jedwali linaposogezwa, ili tarakimu isisomwe chini ya kichwa kisicho chake.

(d) Onyo la kwamba faili halikufunguka lote lisifungwe kabla ya kuchunguzwa.

Madawati, dawa na visima hupangwa kwa hesabu. Kijiji au shehia iliyoachwa nje ya jedwali itakosa mgao wake, na upungufu huo hautaonekana kwa yeyote aliyetazama ukurasa wa kwanza tu.