Amekata 515, Akaandika 465

Daktari,
Mdogo wangu anatibiwa TB sugu huko Bungoma. Alipokuja kunitembelea Kitale alipimwa ECG ya moyo, karatasi ikatoka na 515. Aliporudi, afisa wa kliniki aliikata namba hiyo kwa kalamu akaandika 465, kisha akamwambia aendelee na dawa. Nimesoma kwamba namba hiyo ikipita 500 bedakwilini, mojawapo ya dawa zake za TB, husimamishwa. Je, anafichwa hatari? Nimwambie aache?
Dadake, Kitale

Dada yangu,
Asiache dawa kwa uamuzi wake wala wako. Na afisa huyo hakughushi.

Karatasi uliyonitumia inaonyesha QT 380 na mapigo 110 kwa dakika. QT ni muda, kwa milisekunde, ambao moyo hutumia kupiga na kujiweka tayari kiumeme kwa pigo lijalo. Moyo ukienda mbio muda huo hufupika, hivyo namba hurekebishwa kulingana na kasi. Kanuni mbili zinazojulikana zaidi, ya Bazett na ya Fridericia, zote zilitolewa mwaka 1920. Mashine nyingi hutumia ya Bazett, nayo huikuza namba mapigo yakiwa mengi. Kwa Bazett mdogo wako ana 515. Kwa Fridericia, inayopendekezwa katika tiba ya TB sugu, ana 465. Ule mpaka wa 500 uliousoma hupimwa kwa Fridericia.

Hata hivyo, kwa mwanamume 465 imeshapita kawaida. Arudi kliniki wiki hii, ECG irudiwe akiwa ametulia, damu ipimwe potasiamu, magnesiamu na kalsiamu, hasa kama ametapika au kuhara. Waulizwe pia kwa nini moyo unapiga mara 110. Ni homa? Upungufu wa damu? Mimi hilo linanitia wasiwasi kuliko ile 515.

Abebe kila dawa anayomeza, hata ya duka la mtaani. Flukonazoli ya fangasi, azithromaisini, na baadhi ya dawa za malaria, ugonjwa usioisha Bungoma, nazo hurefusha QT. Malaria itibiwe, lakini kliniki ijue.

Bedakwilini hukaa mwilini kwa miezi. Akiiacha leo moyo hautapona kesho, ilhali vijidudu vya TB vitapata nafasi ya kuzizoea dawa zilizobaki.

Akizimia, au moyo ukidunda ovyo huku kichwa kikizunguka, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama karatasi ya mwisho iliandika 420.