Tembe ya Mafua na Neno Geni la Usingizi

Majuzi alinijia mwendeshaji bodaboda wa Kabazi, kijana aliyemaliza kidato cha nne, ameshika ile karatasi inayokunjwa ndani ya pakiti ya dawa. Mafua yalikuwa yamemsumbua siku tatu. Alinionyesha neno 'somnolence' akauliza, "Daktari, dawa hii inahusu kusoma?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa zito: tangu asubuhi alikuwa akibeba abiria hadi Subukia huku kope zikimlemea.

Msomaji, neno hilo halina undugu na somo. Limetoka Kilatini. 'Somnus' ni usingizi, na 'somnolentus' ni mtu aliyelemewa na usingizi. Mzizi huohuo ndio uliozaa 'insomnia', yaani kukosa usingizi. Sisi tuna neno fupi na zuri zaidi: kusinzia. Mbona watengenezaji dawa wasiliandike hilo?

Tembe za zamani za mafua na mzio, kama klofeniramini ambayo wengi huijua kwa jina Piriton, huingia ubongoni na kuizuia histamini, kemikali inayotusaidia kukaa macho. Loratadini huingia ubongoni kwa uchache sana, kwa hivyo wengi hawasinzii wakiimeza. Ukiongeza pombe juu ya klofeniramini, usingizi huzidi. Kijana wetu nilimwambia ameze yake usiku, na akiamka bado mzito asiwashe pikipiki.

Kwa daktari, hata hivyo, kusinzia kuna viwango. Anayesinzia ukimwita huamka na kukujibu. Aliye katika 'coma', neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi mzito, hata ukimfinya haamki. Baina ya hao wawili pana ngazi kadhaa, na mtoto mdogo huzishuka upesi.

Kwa hivyo mama, mtoto wako akiwa na homa, usifurahi tu kwamba amelala. Mwamshe. Akikutazama na kunyonya au kunywa, mwache apumzike. Lakini ukimwamsha akarudi kusinzia papo hapo, akakataa titi, au akitapika kila anachomeza, huo si usingizi wa kawaida. Huenda ni malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, au sukari imepungua mwilini. Usingoje matatu ya asubuhi. Mfunge mgongoni, bisha kwa jirani mwenye gari, na mfike hospitali usiku huohuo.