Mchanga wa Tangi la Maji ya Bahari: Chagua Mnyama kwa Kazi, Usichague kwa Sura

 

Siku hizi vijana kadhaa wa ukanda wa pwani wananijia na biashara ambayo sikufundishwa chuoni: kutengeneza na kutunza matangi ya kioo ya maji ya bahari kwa ajili ya hoteli, migahawa na ofisi. Biashara ni nzuri, ila kila mmoja anauliza swali lilelile: "Afisa, niweke mnyama gani ili mchanga usichafuke?"

Jibu fupi ni kwamba hakuna mnyama mmoja anayesafisha kila kitu. Na ukikosea kuchagua, huyohuyo uliyemleta asafishe ndiye atakayekuulia samaki. Hili nalisema kwa sababu limenikuta.

Nilivyoaibika Nane Nane

Mwaka mmoja tuliandaa tangi la maonyesho. Usiku wa kuamkia siku ya wageni nikaona mchanga umeanza kuwa na utando wa kahawia. Nikachukua jongoo bahari mmoja mweusi, mkubwa, nikamtumbukiza. Nikajisifu kabisa kwamba asubuhi mchanga utakuwa mweupe.

Asubuhi nikakuta jongoo amenasa kwenye mdomo wa pampu, amechanika, na samaki wote wamelala chali. Jongoo bahari wengi wana sumu mwilini, na akijeruhiwa au kufa ndani ya maji machache, sumu hiyo inaweza kuua samaki. Baharini maji yangeichukua. Kwenye tangi la lita 200 itaenda wapi? Wageni wakakuta kioo kimefunikwa kitambaa. Kosa lilikuwa langu, si la jongoo.

Kwanza jua uchafu wako ni upi

Kabla ya kununua mnyama, angalia mchanga uone unachafuliwa na nini. Kuna aina tatu za kawaida:

1. Mabaki ya chakula: vipande vya samaki, kamba au chakula cha kiwandani vilivyozama.
2. Kinyesi na tope laini linalokaa kati ya chembe za mchanga.
3. Utando wa mwani, mara nyingi wa kahawia kwenye tangi jipya.

Ukiona utando mwekundu wenye ute kama kamasi, usitafute mnyama. Mara nyingi huo unatokana na chakula kingi na maji yasiyozunguka vizuri. Punguza chakula, uvute kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, elekeza pampu sehemu hiyo.

Mnyama gani kwa kazi gani

*Konokono wala mabaki (Nassarius).* Hawa ni wadogo, wanajizika mchangani na kuacha mrija tu nje kama pua. Ukitia chakula, wanachomoka kutoka chini. Wanakula mabaki na mizoga, na wakitembea wanageuza mchanga. Hawali mwani, kwa hiyo usiwalaumu kwa utando. Kwa tangi la lita 200 anza na watano au sita.

*Konokono wa mwani (Cerithium).* Wana gamba refu lililochongoka. Wanakula utando na tope laini juu ya mchanga, kioo na mawe. Wanane wanatosha kuanzia.

*Kaa wanaoishi kwenye magamba ya konokono.* Wanakula karibu kila kitu, na hapo ndipo shida ilipo. Kaa akikua anahitaji gamba jipya, na asipolipata anaweza kumuua konokono amnyang'anye la kwake. Ukiwaweka, wawe wawili au watatu, na uwape magamba matupu ya ukubwa tofauti.

*Kiti cha pweza wa mchangani (Astropecten).* Wateja wanampenda kwa sura. Lakini huyu anakula viumbe hai waliomo mchangani: minyoo midogo, chaza wadogo, konokono wadogo. Yaani anawala wasafishaji wenzake. Kwenye tangi dogo anawamaliza, halafu anakufa njaa taratibu. Ukiona ncha za mikono zinaanza kuoza, ujue hali imeshakuwa mbaya. Mimi simshauri kwa tangi la lita 200.

*Samaki wanaochuja mchanga (jamii ya Valenciennea).* Wanabugia mchanga, wanachuja chakula, wanautoa kupitia matamvua. Mchanga unang'aa kweli. Ila wanahitaji kulishwa zaidi ya mara moja kwa siku, la sivyo wanakonda. Pia ni warukaji, hivyo funika tangi kwa wavu.

*Jongoo bahari.* Ndiye mfanyakazi hodari kuliko wote kwa tope na mabaki laini. Anameza mchanga, anachukua chakula kilichomo, anatoa mchanga uliosafishwa kama vipande vya uzi. Ukiviona vipande hivyo kila siku, jua anakula. Ukiona mwili unapungua wiki hadi wiki, jua ana njaa.

Hesabu ya jongoo

Hapa wengi wanakosea. Kwenye ufugaji wa jongoo mchanga (Holothuria scabra) bila kuwalisha, ukuaji huanza kusimama uzito ukikaribia gramu 200 kwa kila mita moja ya mraba. Mchanga unakuwa hauna chakula cha kutosha.

Sasa chukua tangi lako. Urefu sentimita 100, upana 50. Eneo la mchanga ni nusu mita ya mraba. Nusu ya gramu 200 ni gramu 100. Hiyo ndiyo nafasi yote uliyonayo, wakati jongoo mchanga mkubwa hupita gramu 300! Yule wangu wa Nane Nane alikuwa wa jamii nyingine, ila naye alikuwa mkubwa kupita tangi tangu mwanzo. Weka mdogo mmoja wa gramu 50 au 60, basi. Na asiingie kwenye tangi jipya. Subiri miezi sita mchanga ukomae.

Mdomo wa pampu uuzibe kwa sponji au wavu mzito kabla hajaingia. Weka akiba ya maji safi ya bahari, angalau lita 100. Akifa, mtoe hapohapo, badilisha nusu ya maji, weka mkaa maalumu wa kuchujia.

Usiokote ovyo ufukweni

Najua utasema, "Afisa, si wapo bure wakati wa bamvua?" Kuna mambo mawili.

La kwanza ni uhai wako. Kuna konokono wenye gamba zuri la umbo la koni (Conus). Wana mshale wenye sumu, na mmoja wao, Conus geographus, anaweza kuua mtu. Anapatikana katika Bahari ya Hindi. Gamba la koni usilishike, hata kama limekaa kimya mchangani.

La pili ni sheria. Jongoo bahari wamevuliwa kupita kiasi, na jongoo mchanga yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Taratibu za Bara, Zanzibar na Kenya hazifanani, kwa hiyo mwone afisa uvuvi wa eneo lako kwanza. Vizuri zaidi nunua vifaranga kutoka kituo cha kuzalisha.

Kabla hujawaingiza

- Tangi lipite kwanza wiki nne hadi sita, hadi amonia isome sifuri.
- Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25 hadi 28.
- Wazoeshe kwa matone ya maji ya tangi kwa saa moja hadi mbili. Mabadiliko ya ghafla ya chumvi huwadhuru.
- Usitie dawa yenye shaba. Inatibu baadhi ya magonjwa ya samaki lakini inaua konokono, kaa na jongoo. Samaki mgonjwa mtibu kwenye ndoo au tangi la pembeni.
- Ingiza nusu ya idadi uliyopanga, subiri wiki tatu, ndipo uongeze.

La kukumbuka

Wanyama hawa hawaondoi uchafu kwenye tangi. Wanaubadilisha tu: mabaki yanakuwa kinyesi, na virutubisho vinabaki majini. Anayeutoa nje ni wewe, kwa ndoo na mpira. Mteja akikuambia "weka konokono ili tusibadilishe maji," mkatalie kwa adabu. Kila wiki mbili badilisha asilimia 10 hadi 20.

Na andika. Idadi ya wanyama, waliokufa, kiasi cha chakula, siku ya kubadilisha maji. Mali bila daftari huisha bila habari, na tangi la mteja ni mali kama shamba la nyanya.

Kazi njema.